Kubana Matumizi na Kutunza Mazingira Ukiwa Umepanga Mjini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya maswali nimeyakusanya kwa sababu yanarudi kila wiki, kwenye magrupu, kwenye vikoba, hata dukani kwa mangi. Nimejibu nikiwa nawafikiria watu wa Dar na miji kama hiyo, waliopanga chumba kimoja au viwili na wanapika kwa mkaa au gesi. Swali likigusana na lingine nitakuelekeza uende huko, sitarudia.

## Mwanzo kabisa

Hivi kubana matumizi na kutunza mazingira si ndio umaskini wenyewe tu? Bibi zetu waliishi hivyo kwa sababu hawakuwa na hela.

Hapana, na naomba tulielewane hili mapema. Mama anayekohoa jikoni kwa moshi wa kuni mbichi hatunzi mazingira, anateseka. Mtoto anayefuata maji kilomita tatu naye hivyo hivyo. Sitaki mtu aje aniambie hayo ndiyo maisha ya asili yaliyo mazuri.

Ninachokisema mimi ni kwamba ndani ya nyumba zetu kuna hela nyingi zinaungua, zinamwagika au zinatupwa jalalani, na karibu kila mahali hela inapopotea kuna mti, maji au ardhi inapotea pamoja nayo. Ukiziba pale unapumua wewe na unapumua msitu. Bibi zetu kuna vitu walivijua vizuri sana, kuna vingine viliwaumiza, tuchukue vya kwanza tuache vya pili.

Nimepanga chumba kimoja, choo tunashea, mita tunashea. Naanzia wapi?

Anza na jiko, usianze na kitu kingine chochote. Watu wanaanza na chupa za glasi na mswaki wa mianzi walioona mtandaoni, kumbe kila siku wanaunguza kopo mbili za mkaa kupika maharage ambayo hayakulowekwa. Jikoni ndiko hela nyingi ya nyumba ya kawaida inakopita ukiacha kodi, na ndiko utakapoona mabadiliko ndani ya mwezi mmoja.

Ukishapapatia jikoni nenda kwenye maji, halafu taka. Nguo na mengine yatafuata yenyewe.

Natakiwa kununua vitu gani?

Karibu hakuna. Mifuniko ya sufuria inayokaa sawasawa, ndoo yenye mfuniko, kikapu cha sokoni, na baadaye ukipata hela jiko zuri. Ukiona mtu anakuuzia "seti ya kuanzia" ya vitu rafiki kwa mazingira ujue anafanya biashara yake, mwache afanye ila wewe usiingie deni.

## Jiko na moto

Mbona mkaa unalaumiwa sana? Tumeutumia miaka yote na miti bado ipo.

Miti ipo lakini imesogea mbali. Waulize wazee wa Dar mkaa ulikuwa unatoka wapi zamani, watakutajia Pugu na Kisarawe, hapo hapo mlangoni. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imebaki vipande, na leo malori yanatoka Rufiji, Kilosa, Handeni na zaidi ya hapo, ndiyo maana bei ya gunia haishuki, ndani yake kuna dizeli, kuna ushuru na kuna matope ya masika.

Kibaya zaidi ni jinsi unavyochomwa. Kwenye tanuri la kienyeji la kufukia na udongo, kilo 10 za kuni zinatoa kilo 1 mpaka 2 za mkaa, zilizobaki zote zimeondoka kama moshi kule kule porini kabla hujaweka hata sufuria. Kwahiyo gunia moja mlangoni kwako ni rundo kubwa la miti ambalo hujaliona.

Wachoma mkaa wenyewe sina ugomvi nao, wengi ni wakulima wanaotafuta ada ya shule. Kuna vijiji Kilosa vilivyoonyesha kwamba inawezekana kuvuna kwa mpango, wanagawa msitu vipande vidogo, wanakata kwa zamu, visiki vinaachwa vichipue na kipande kilichokatwa kinapumzishwa miaka mingi. Shida ni kwamba sokoni huwezi kujua gunia lako limetoka kwenye mpango huo au limetoka hifadhini.

Gesi na mkaa, kipi nafuu? Kila mtu ananiambia lake.

Kila mtu anakuambia lake kwa sababu analinganisha vitu visivyolingana. Usilinganishe bei ya mtungi na bei ya kopo, linganisha kazi.

Kwa hesabu ya joto linalofika kwenye sufuria, kilo 1 ya gesi inafanya kazi ya kilo tatu mpaka nne za mkaa kwenye jiko la kawaida la bati. Kwahiyo mtungi wa kilo 6 ni sawa na mkaa wa kilo 18 mpaka 24 hivi. Chukua mizani ya muuza nyanya, pima kopo lako lina mkaa kiasi gani, zidisha mwenyewe kwa bei ya mtaani kwako, hapo hutahitaji ushauri wa mtu. Wanaonunua kopo kopo kila siku mara nyingi wanashtuka, maana kopo ndiyo bei ya juu kuliko zote.

Sasa ugumu wa gesi siyo bei yake kwa mwezi, ni kwamba inataka hela yote kwa mkupuo, na hela za wengi wetu zinaingia kila siku kidogo kidogo. Dawa yake ni kibubu. Ile hela ya kopo iweke kila siku hata kama mtungi haujaisha, ukiisha hela ipo. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mitungi mingi imegawiwa, lakini mtungi uliogawiwa na hauna hela ya kujaziwa unageuka kigoda. Nimeiona hiyo nyumba zaidi ya moja.

Kuhusu usalama, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini sakafuni haipandi juu. Ukisikia harufu usiwashe wala usizime taa, funga mtungi, fungua mlango, toa watoto nje. Kujua kama panavuja paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye kichwa, likitoa mapovu panavuja. Kiberiti usikitumie kupimia hata siku moja.

Lakini gesi nayo si inatokana na mafuta ya ardhini? Mazingira gani sasa hapo?

Ni kweli, gesi ya mitungi inatokana na mafuta na gesi ya ardhini na kwetu inaingia kwa meli. Siyo ile ya Songo Songo na Mtwara ambayo inakuja kwa bomba na nyingi inazalisha umeme. Kwahiyo siyo kitu kisafi asilimia mia.

Ila ukiweka mezani vitu viwili, mkaa uliokatwa msituni bila mpango na gesi ya mtungi, mimi nachagua gesi bila kusita, kwa sababu ya msitu na kwa sababu ya mapafu ya anayepika. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 3.2 walikufa mwaka 2020 kwa hewa chafu ya majumbani, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inatoka jikoni. Umeme una nafasi ya kuwa bora kuliko vyote, hasa sasa bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lenye megawati 2,115 limeanza kuzalisha tangu 2024. Angalia swali la jiko la presha hapo chini.

Jiko banifu la kweli nalijuaje? Nimeuziwa likapasuka mwezi wa pili.

Liangalie ndani. Jiko zuri lina kibweta cha udongo uliochomwa kisawasawa, ukigonga kwa kucha linalia kama chungu, halitoi sauti ya mfu. Udongo uwe mnene, usiwe na nyufa za nywele, na katikati ya udongo na bati kuwe kumeshindiliwa kitu cha kuzuia joto, siyo uwazi unaoona mwanga. Kimlango cha hewa kiwe kinafungika.

Sufuria ndiyo watu wanaisahau. Ikae karibu na mkaa na ifunike mdomo wa jiko vizuri, ukiweka kisufuria kidogo kwenye jiko kubwa moto wote unapita pembeni. Majiko mengi ya kupasuka yanapasuka kwa kumwagiwa maji kuzima mkaa. Usimwage. Toa mkaa kwa koleo, weka kwenye kopo la bati la rangi au la maziwa, funika, utazimika kwa kukosa hewa na kesho unauwasha tena. Kufanya hivyo tu kila jioni kunaokoa mkaa mwingi kuliko watu wanavyodhani.

Maharage yananimalizia mkaa. Nifanyeje?

Loweka. Najua umeshaambiwa lakini hujaloweka, kwa hiyo narudia. Yaloweke jioni kabla ya kulala, asubuhi mwaga yale maji, suuza, weka mapya. Muda wa kuchemka unapungua karibu nusu kama maharage siyo ya zamani sana. Maharage yaliyokaa ghalani misimu miwili hata uyaloweke yatakusumbua, kwahiyo mwulize muuzaji ni ya lini, na nunua kidogo kwanza uyajaribu.

Chemsha mengi kwa mara moja, gawa, ya leo unga na nazi, mengine kama una friji au jirani ana friza yaweke. Magadi yanaharakisha kweli ila yanaua vitamini na yanaharibu ladha, mimi siyatumii.

Nasikia kuna kupika kwenye kikapu bila moto. Ni kweli au ni maneno tu?

Ni kweli, na ndiyo kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye ukurasa huu. Kikapu chenyewe hakipiki, kinazuia joto lisitoke, chakula kilichokwisha chemka kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe.

Unachukua tenga au kikapu kikubwa cha ukili, hata boksi gumu linafaa. Ndani unashindilia nguo chakavu, vipande vya godoro au pamba, unene wa kiganja kila upande na chini pia, katikati unaacha shimo la kukaa sufuria yako bila kucheza. Unashona mto mzito wa kufunikia juu. Fundi cherehani atakupa vipande vya vitambaa bure, anavitupa kila siku.

Wali: chemsha na chumvi na mafuta kama kawaida ila maji punguza kidogo maana hakuna mvuke unaotoka, ukishatokota dakika kama tano funika, ingiza kwenye kikapu haraka, usifunue. Baada ya saa moja unakuta punje zimesimama, chini hakuna ukoko wala kuungua. (Wanaopenda ukoko mnisamehe, hapo sina la kuwasaidia.) Maharage: yaliyolowekwa, chemsha kwa nguvu, ingiza kwenye kikapu masaa matatu mpaka manne, toa, rudisha motoni yatokote tena kisha unga.

Kwenye maharage sikiliza vizuri, hasa yale mekundu. Yana sumu ya asili inayokufa kwa kuchemka kabisa, ukiyapasha nusu nusu ukayatia kikapuni yatakuumiza tumbo vibaya. Lazima yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili kwa uchache, mimi naenda hadi 20. Na sufuria iwe imejaa angalau nusu, chakula kidogo kinapoa haraka. Chakula kisilale kikapuni usiku kucha, kikishakuwa vuguvugu bakteria wanafurahi.

Jiko la presha la umeme halitamaliza uniti zangu?

Hili ndilo linaogopesha watu bure. Jiko la koili lile la wazi ndilo linalokula. La presha linawaka, likishapata joto linajizima lenyewe, linawaka tena kidogo, limefungwa kote joto halitoki. Sufuria ya maharage haifiki uniti moja. Ukiwa kwenye tarifu ya kawaida ya shilingi 350 na kitu kwa uniti, linganisha hiyo na mkaa wa maharage hayo hayo, halafu niambie.

Angalizo kwa walio kwenye tarifu ndogo ya D1: ukivuka uniti 75 kwa mwezi bei inabadilika sana, kwahiyo tumia presha kwa vitu vigumu kama maharage, makande, kongoro, na vya haraka pika kwa gesi. Kuchemsha lita moja ya maji kwenye jagi la umeme ni kama sehemu ya kumi ya uniti, chai ya asubuhi haitakufukarisha. Kama mnashea mita nenda kwenye swali la mwenye nyumba, chini.

Makaa mbadala vipi?

Inategemea yametengenezwa na nini. Ya vumbi la mkaa, vifuu vya nazi au maranda ni mazuri, yanakaa muda mrefu na hayarushi cheche, ila yanachelewa kushika kwahiyo yanafaa kwa chakula cha muda mrefu, siyo chai. Mengine yametengenezwa kwa makaa ya mawe, hayo yanaokoa miti lakini ni ya ardhini, uyajue hivyo. Yakinyeshewa yanasambaratika, yaweke pakavu.

Naruhusiwa kuingiza jiko la mkaa ndani wakati wa mvua au baridi?

Kupikia mlango na madirisha wazi, sawa kama huna namna. Kulala nalo, hapana kabisa. Mkaa unaoonekana umetulia bila moshi unatoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, unalala huamki. Familia nzima zimeondoka hivyo.

## Maji

Kukinga maji ya mvua kuna maana kwa nyumba ndogo?

Kuna maana kubwa sana na hesabu yake ni nyepesi: mita moja ya mraba ya bati ikipata milimita 1 ya mvua ni lita 1. Nyumba ya mita 6 kwa 7 ina mita 42, mvua ya milimita 20 ambayo kipindi cha masika ni mvua ya kawaida tu inakupa zaidi ya lita 800. Toa yanayomwagika na kuruka, bado mapipa matatu ya lita 200 yamejaa.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati, ina vumbi na kinyesi cha ndege. Gata ikikosekana hata bati lililokunjwa linaelekeza maji kwenye pipa. Funika pipa kwa kitambaa kilichobana, la sivyo umefuga mbu wa dengi mlangoni. Hayo maji ni ya kufua, kudeki, choo na bustani. Ya kunywa yapitie hatua za swali linalofuata.

Kuchemsha maji ya kunywa kunamaliza mkaa. Kuna njia nyingine?

Kwanza wengi wanachemsha kupita kiasi. Yakishabubujika kwelikweli dakika moja inatosha, ukiwa juu sana kupita mita 2,000 fanya dakika tatu. Ile ya kuacha sufuria itokote robo saa ni mkaa unaochoma hewani.

Pili kuna jua. Chupa ya plastiki safi isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, jaza maji yasiyo na tope, laza juu ya bati masaa 6 ya jua kali, kukiwa na mawingu siku mbili mfululizo. Inaua vijidudu. Haiondoi chumvi wala kemikali, kwahiyo maji ya kisima chenye chumvi yatabaki na chumvi. Dawa za maji za dukani nazo zinafanya kazi, fuata maandishi ya kwenye chupa usikadirie kwa macho.

Maji ya kufulia na kuoshea vyombo yanafaa kumwagilia mboga?

Ya kuoshea mchele na mboga yanafaa sana. Ya sabuni kidogo mwagia mgomba au mpapai, siyo mchicha unaoula majani. Ya dawa ya kung'arisha nguo usimwagie mmea wowote.

## Taka, mifuko na bustani

Mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku, mbona vifuko bado vimejaa?

Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019, Kenya walitangulia Agosti 2017, Rwanda tangu 2008. Vilivyobaki ni vifungashio, na watu wanavigeuza kuwa mifuko ya kubebea. Wa kumaliza hilo ni wewe na kikapu chako. Ukienda Feri kununua samaki nenda na kindoo chenye mfuniko, muuzaji anakiweka moja kwa moja, nguo hazinuki kwenye daladala. Nyanya na vitunguu vinakaa pamoja kikapuni bila ugomvi, havihitaji kila kimoja kifuko chake.

Taka za jikoni naweza kuzifanya mboji wakati nina kibaraza tu?

Ndiyo. Ndoo iliyopasuka yenye matundu chini, weka tabaka la maganda ya ndizi, mboga, majani ya chai, juu yake tabaka la vitu vikavu kama majani makavu au boksi lililochanwa. Unyevu uwe wa kitambaa kilichokamuliwa. Ikinuka ina maji mengi, ongeza vikavu. Nyama, samaki na ugali usiweke, utaita panya wa mtaa mzima. Miezi miwili mitatu imekuwa nyeusi inanukia kama udongo baada ya mvua.

Ijaze kwenye kiroba na udongo, nusu kwa nusu. Mchicha unavuna ndani ya wiki tatu nne, matembele unapachika tu kipande cha shina na hayana makuu, yanavumilia hata ukisahau kumwagilia. Kama una kiroba kikubwa tengeneza nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, na toboa pembeni upande miche huko pia.

Gari la taka halipiti. Si bora tuchome?

Majani makavu ni heri uyatie kwenye mboji. Plastiki, pampasi na nailoni ukizichoma moshi wake ni sumu na unaingia madirishani kwa wote. Tenganisha chupa na makopo, weka kiroba chake, vijana wanaonunua kwa kilo wanapita kila mtaa, wengine watakulipa na wengine wape tu, nao wanaishi kwa hiyo. Ukitoa mabaki ya chakula na chupa, utashangaa taka iliyobaki ya wiki ni kifurushi kidogo.

Kuna kitu gani cha asili ambacho tumeacha na tukirudishe?

Mimi nitasema nazi nzima. Siku hizi tunanunua tui la pakiti tunatupa pakiti. Chukua nazi, kaa kwenye mbuzi ukune, kamua kwa kifumbu, tui zito weka pembeni, tui jepesi ndilo linapikia. Machicha wape kuku au yatie kwenye mboji. Kifuu kikikauka kinawaka moto mkali kuliko kuni nyingi, vitatu vinawasha jiko la mkaa bila mafuta ya taa. Makumbi unasugulia masufuria, masizi yanatoka yote. Vifuu vizuri vilikuwa vinatiwa mpini vinakuwa kata za kuchotea maji. Ukimaliza hapo hakuna cha kupeleka jalalani.

Na dodoki. Linaota lenyewe uani kwenye uzio, unalikausha, unatoa mbegu, unaogea miezi. Kwanini tununue la plastiki?

## Nguo, watoto na kina dada

Mitumba ni kutunza mazingira au ni kupokea taka za wenzetu?

Vyote viwili, inategemea unachukua nini. Shati la pamba zito utakalovaa miaka mitano umeliokoa. Kiguo chepesi cha elfu moja kinachotoboka kwenye kufua mara ya tatu umekihamishia dampo la Pugu tu. Ukienda Karume vuta mshono, angalia kwapa na zipu, shika kitambaa kwenye mwanga. Halafu rafiki wa kweli ni fundi wa mtaani, zipu mpya na kupunguza kiuno kunagharimu kidogo kuliko suruali nyingine.

Pampasi au nepi za kitambaa?

Nepi za kitambaa mchana ukiwa nyumbani, pampasi usiku na safarini. Kama maji kwenu ni ya kununua dumu kwa dumu na uko peke yako na mtoto mchanga, sitakuhukumu kwa kutumia pampasi zaidi, mama naye ni kiumbe. Kinyesi kwanza kitupe chooni, iwe ni nepi au pampasi.

Pedi za kufua ni salama?

Ni salama zikikauka. Tatizo la nyumba za kupanga ni aibu, dada anazianika chini ya kitanda, zinabaki na unyevu, ndipo maambukizi yanapoanza. Loweka kwenye maji baridi, fua kwa sabuni, anika kwenye jua na tandaza kanga nyepesi juu yake kama hutaki zionekane, kisha piga pasi. Kama huna mahali pa kuanika juani, usitumie.

## Mambo magumu kidogo

Mwenye nyumba amekataza kupika kwa umeme kwa sababu tunashea mita.

Ana hofu ya kweli, koili moja ya mpangaji mmoja inaweza kumaliza uniti za wote. Usimfiche, watu wanagombana na kuhama kwa hilo. Tafuta mita ndogo ya kuhesabia, fundi umeme mwenye leseni anaifunga kwenye chumba chako, kila mtu analipia alichotumia. Akikataa kata kata, kikapu cha joto na gesi vinatosha, hujakosa kitu kikubwa.

Nikipunguza vitu wageni na ndugu watasema nimefulia.

Watasema, kwa muda. Mgeni mpe chakula kizuri, wali wa nazi na samaki, kwenye sahani zilezile unazolia wewe siku zote, atashiba na ataaga vizuri. Pale penye shughuli kubwa, mfano hitima au kipaimara, ndipo pagumu kwa sababu chupa za maji zinaagizwa kwa katoni. Ukiwa kwenye kamati pendekeza jerikeni zenye koki na vikombe vya kukodi pamoja na sahani. Ukieleza kwa bei watakusikiliza haraka kuliko ukieleza kwa mazingira.

Kununua kwa jumla ni nafuu lakini sina mtaji, na nafaka zinabunguliwa.

Unganeni watatu wanne mnaoaminiana, mnunue gunia la mahindi au maharage wakati wa mavuno mgawane. Kwa kuhifadhi kuna mifuko maalum isiyopitisha hewa, ukifunga vizuri wadudu waliomo wanakosa hewa wanakufa, hakuna dawa yoyote. Ila mahindi yawe yamekauka kabisa kwanza. Ukiyafungia yakiwa na unyevu yanaota ukungu na kuleta sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika, wala kukoboa peke yake hakuimalizi. Jaribio la zamani: tia punje chache kavu kwenye chupa kavu na chumvi kavu, tikisa, uache robo saa, chumvi ikishika kwenye kuta za chupa rudisha juani.

Mama yangu kijijini anapikia mafiga na hataki kusikia habari za gesi.

Usimlazimishe, na usimpelekee mtungi ambao wakala wa kuujaza yuko mjini kwa nauli ya bodaboda. Anza na kuni zenyewe: zipasuliwe nyembamba, zikae juani na zihifadhiwe chini ya paa, kuni mbichi sehemu ya moto wake inaishia kukausha maji yaliyomo. Halafu mjengee jiko la udongo na mchanga lililozunguka sufuria yake mwenyewe, lenye mdomo mmoja wa kuni. Udongo wa kichuguu unafaa, ukichanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa haupasuki ovyo. Pima kwa sufuria anayoipenda, siyo kwa sufuria yako, la sivyo atarudi kwenye mafiga wiki ijayo.

Moshi utafutie njia, tundu kubwa juu ya ukuta upande wa jiko na lingine mkabala nalo. Watoto wadogo wasikae mgongoni kwake anapopuliza moto. Na hili jiko mjengee mkiwa pamoja, aweke mikono yake, akitaka mdomo uwe mpana kidogo au usogee upande wa mlango msikilize, yeye ndiye atakayepika.